Tumhamishie mwanetu aliyekuwa jeshini hati ya nyumba ili tusilipe kodi?

Dada mshauri,

Salaam kutoka Arlington, Texas. Sisi kwetu ni Tanga, lakini Marekani tumekaa miaka mingi. Nyumba hii tuliinunua mwaka 2011, mimi nikifanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee na mume wangu akiendesha lori. Hati ina majina yetu wote wawili, na mkopo bado haujaisha.

Mume wangu sasa ana miaka 68. Alipata kiharusi, upande wa kulia umelegea, na lori ndiyo basi tena. Mimi nina miaka 57. Bado nafanya kazi, ila nimepunguza saa ili nimhudumie. Kila mwaka kampuni ya mkopo inatuandikia kwamba kodi ya nyumba imepanda, kwa hiyo malipo ya mwezi nayo yanapanda. Nyumba imethaminiwa dola 290,000. Kodi hii sasa inatushinda. Kuna miezi nanunua dawa zake kwanza, halafu ndiyo naangalia kilichobaki kama kinafika kwenye nyumba.

Tulikuwa kwenye msiba wa Mtanzania mwenzetu hapa, jamaa mmoja akanivuta pembeni. Akasema, "Kijana wenu si alikuwa jeshini? Mwandikieni nyumba. Texas askari aliyeumia halipi kodi hata senti." Ni kweli mwanetu alitumikia jeshi la Marekani, na idara ya maveterani imempa ulemavu wa asilimia 70. Anaishi Killeen na mkewe na mtoto, kwenye nyumba yake mwenyewe. Nilipompigia, alisema, "Mama, kama itawasaidia, nitasaini." Lakini tangu siku hiyo usingizi unanipaa.

Pia tumepokea barua yenye nembo inayofanana na ya serikali, ikisema tulipe dola 95 watushughulikie msamaha wa kodi wa wazee. Nilipomwonyesha mume wangu alikasirika. Alisema, "Sikuja Marekani kuombaomba." Ana gren kadi na anataka kuomba uraia, sasa anaogopa jina lake likionekana kwenye karatasi za msaada litamharibia. Na leseni yake ya udereva imeshakwisha muda, tena ina anwani ya ile apatimenti tuliyokaa kabla ya kununua nyumba.

Nifanye nini, dada? Tumwandikie mtoto? Tulipe hizo dola 95? Au nimwache mzee na msimamo wake?

Mama wa Arlington

*

Dada yangu, pole sana kwa kuuguza, na shemeji mfikishie pole zangu. Nianze na hilo linalokukosesha usingizi: hati msiiguse. Mkimwandikia kijana nyumba hiyo, kodi haitafika sifuri. Itapanda, tena sana, na nitakuonyesha kwa hesabu.

Yule jamaa wa msibani alisema kweli nusu. Texas inamsamehe veterani kodi yote ya nyumba anayoishi ikiwa idara ya maveterani imempa ulemavu wa asilimia 100, au imemhesabu kuwa hawezi kabisa kuajiriwa kwa sababu ya ulemavu alioupata jeshini. Walio chini ya hapo wana ngazi zao: asilimia 10 hadi 29 anapunguziwa dola 5,000, asilimia 30 hadi 49 dola 7,500, asilimia 50 hadi 69 dola 10,000, na kuanzia asilimia 70 dola 12,000. Fedha hizo hazitolewi kwenye bili. Zinatolewa kwenye thamani ya nyumba kabla kodi haijapigwa. Mwanao ana asilimia 70, kwa hiyo haki yake ni dola 12,000 za thamani, na anaruhusiwa kuitumia kwenye nyumba moja tu.

Sasa tazama mnachokiacha. Kila mwenye nyumba Texas anayeishi ndani ya nyumba yake hupunguziwa dola 140,000 za thamani kwenye kodi ya wilaya ya shule, ambayo kwa kawaida ndiyo sehemu kubwa kuliko zote kwenye bili. Huo ndio msamaha wa homstedi. Kwa mwenye nyumba aliyefikisha miaka 65, au mwenye ulemavu, zinaongezwa dola 60,000 nyingine. Jumla inakuwa 200,000. Nyumba yenu ya 290,000 ingetozwa kodi ya shule kwa thamani ya 90,000 peke yake. Tuseme wilaya yenu inatoza dola 1 kwa kila dola 100, nachagua kiwango hicho ili hesabu iwe nyepesi: mtalipa dola 900 za shule kwa mwaka. Mkimwandikia kijana, yeye haishi hapo, anaishi Killeen. Nyumba ya Arlington inaacha kuwa homstedi ya mtu yeyote, zile 140,000 zinaondoka, zile 60,000 zinaondoka, na zinabaki 12,000 zake. Thamani ya kutozwa inakuwa 278,000, na kodi ya shule dola 2,780. Zaidi ya mara tatu, na nyumba si yenu tena.

Hata siku akipandishwa kufikia asilimia 100, msamaha kamili unafuata nyumba anayoimiliki na kuishi kama makazi yake makuu. Hauwezi kukaa Arlington wakati yeye analala Killeen. Mtu atakayeandika kwenye fomu kwamba anaishi mahali asipoishi anadanganya serikali, na hilo hata kwa mapenzi ya mama sitakushauri umfanyie mwanao.

Kuna mengine ambayo watu hawayasemi msibani. Nyumba ikishakuwa yake, inaingia kwenye madeni yake na kwenye matatizo ya ndoa yake, Mungu apishe mbali. Kampuni ya mkopo inaweza kuhoji kwa nini umiliki umebadilika wakati deni halijaisha. Na kama siku moja shemeji atahitaji Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, imlipie nyumba ya kulelea wazee, wanaangalia nyuma miaka 5 kuona mlichogawa. Kazi yako inakuonyesha gharama za nyumba hizo, sina haja ya kukueleza. Kama nia yenu ni nyumba imfikie mtoto mkishaondoka, tangu 2015 Texas ina hati ya kurithisha inayofanya kazi baada ya kifo. Mnaisaini mbele ya mthibitishaji na kuisajili kwa karani wa kaunti mkiwa hai, na umiliki unabaki kwenu hadi mwisho. Tovuti ya TexasLawHelp ina maelezo yake bure, lakini kwa hili ningependa mumwone wakili.

Sasa shemeji. Ninaielewa heshima yake, na siidharau hata kidogo. Mtu aliyelisha familia kwa usukani wa lori hataki kuonekana ananyoosha mkono. Lakini mwambie hivi: msamaha huu haupimwi kwa umaskini. Fomu haimuulizi anapata kiasi gani. Bilionea wa River Oaks kule Houston akifikisha miaka 65 anaupata kama atakavyoupata yeye, na huyo bilionea hakosi kuujaza. Umo ndani ya katiba ya jimbo, na tarehe 4 Novemba 2025 wapiga kura wa Texas ndio walioupandisha: nyongeza ya wazee na wenye ulemavu ikatoka 10,000 hadi 60,000, na homstedi ya kawaida ikatoka 100,000 hadi 140,000, kuanzia kodi ya mwaka huohuo wa 2025. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, ndiyo maana inabana sana kwenye nyumba, na ndiyo maana ikaweka ulinzi huu kwa watu ambao mishahara yao imekoma. Shemeji amelipa kodi hiyo tangu 2011. Anachodai ni hesabu sahihi ya bili yake.

Kuhusu uraia, mwambie aangalie alichonacho tayari. Kama mlijaza homstedi mliponunua nyumba, miaka yote hii amekuwa akipata msamaha wa kodi na hakuna aliyeuita msaada. Wa wazee ni ndugu yake uleule, kwenye fomu ileile. Hakuna hundi ya serikali inayoingia mfukoni mwake kila mwezi. Akiwa na wakili wa uhamiaji, amuulize ili moyo utulie, lakini asingoje jibu huku tarehe zinapita.

Kazi yenyewe ni ndogo kuliko unavyoihofia. Ingia kwenye tovuti ya ofisi ya uthamini ya kaunti, yenu inaitwa Tarrant Appraisal District, utafute nyumba kwa anwani. Angalia sehemu ya misamaha. Ukiona herufi HS, homstedi ipo. Unachotafuta ni OV65 au maneno Over 65, hiyo ndiyo ya miaka 65 na kuendelea. Wakati mwingine ofisi huiweka yenyewe kama ina tarehe ya kuzaliwa ya mwenye nyumba, kwa hiyo hakikisha kwanza. Kama haipo, chukua fomu namba 50-114, mtandaoni au ofisini kwao Fort Worth. Hailipiwi. Hilo ndilo jibu la ile barua ya dola 95: itupe. Kampuni ya namna hiyo inachukua fomu ya bure, inaijaza kwa taarifa ulizowapa wewe mwenyewe, na kukutoza. Ila uwe mwangalifu usije ukatupa na barua halali. Ofisi za uthamini zinatakiwa kuhakiki kila homstedi angalau mara moja kila miaka 5, na huandika kuuliza kama bado mnaishi hapo. Hiyo ijibuni haraka. Ukiwa na shaka, usipige namba iliyo kwenye barua. Piga ile iliyo kwenye tovuti ya kaunti.

Kitakachowakwamisha ni kitambulisho. Fomu inataka nakala ya leseni au kitambulisho cha jimbo la Texas, na anwani yake iwe ya nyumba mnayoombea. Ya apatimenti ya zamani itarudishwa. Kwa kuwa shemeji haendeshi tena, mpeleke ofisi ya leseni ya jimbo wamtolee kitambulisho cha asiye dereva chenye anwani ya nyumbani. Weka miadi mapema, foleni zao ni ndefu, na mtu mwenye kiharusi hawezi kusimama siku nzima. Hiki kifanyeni kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Tarehe ya kawaida ya kuwasilisha ni 30 Aprili. Lakini usikate tamaa kwa sababu alifikisha 65 miaka mitatu iliyopita. Sheria inapokea ombi la homstedi lililochelewa hadi miaka 2 baada ya siku ambayo kodi ya mwaka husika ilihesabiwa kuchelewa. Kodi ya 2024 ilihesabiwa kuchelewa kuanzia 1 Februari 2025, kwa hiyo msamaha wa mwaka huo bado mnaweza kuuomba hadi 1 Februari 2027. Kwenye fomu kuna sehemu ya kutaja miaka ya nyuma: andikeni 2024 na 2025. Kwa 2024 nyongeza ilikuwa zile 10,000 za zamani, kwa 2025 ni 60,000. Mlicholipa zaidi kinarudishwa. Mwaka 2023 umeshapita, na inaniuma, kwa sababu najua nyumba nyingi za watu wetu ambazo mzee ana miaka 70 na zaidi na herufi OV65 haijawahi kuandikwa.

Uzito mkubwa kwa miaka ijayo uko kwenye kikomo. OV65 ikishaingia, kodi ya shule inafungwa: haitapanda kuvuka kiasi cha mwaka wa kwanza aliostahili, hata nyumba ikithaminiwa mara mbili. Inaweza kushuka, haiwezi kupanda, isipokuwa mkiongeza kitu kama chumba kipya au bwawa. Kubadilisha paa lililochakaa ni ukarabati, hakuhesabiwi. Kaunti, mji, chuo na hospitali ya kaunti kila mmoja ana uhuru wa kutoa msamaha wake wa wazee na hata kikomo chake, na fomu hiyohiyo moja inawafikia wote.

Utauliza kama shemeji ajaze na ya ulemavu pia. Hapana, kwa kila mamlaka inayotoza kodi mtu huchukua moja kati ya hizo mbili, na kwa shule kiasi ni kilekile. Ya umri inathibitishwa kwa kitambulisho tu, haina haja ya kufukuzana na daktari. Lakini msomaji mwenye miaka 50 aliyepata kiharusi na anayelipwa ulemavu na Social Security, hifadhi ya jamii ya Marekani, asisubiri 65. Fomu ni hiyohiyo 50-114, aambatanishe barua ya Social Security.

Na wewe mwenyewe, dada, una miaka 57. Sheria inasema mwenza aliyefikisha miaka 55, akibaki kwenye nyumba hiyo baada ya mwenye 65 kufariki, anaendelea na kikomo kilekile cha kodi ya shule. Siku hiyo Mungu aiweke mbali. Lakini ulinzi huo unaupata kwa kuwa jina lako limo kwenye hati na shemeji ameomba akiwa hai. Mwambie na hili, maana nadhani litamgusa kuliko hesabu zote nilizoandika. Anapoweka jina lake kwenye fomu hiyo anakulinda wewe.

Ikiwa baada ya hayo yote bado hamuwezi, msinyamaze mpaka barua ya mahakama ije. Mwenye 65 au mwenye ulemavu anaruhusiwa kulipa kodi ya nyumba yake kwa mafungu manne, la kwanza kabla ya Februari, mengine kabla ya Aprili, Juni na Agosti. Tena anaweza kuahirisha kabisa kwa fomu 50-126. Kesi na mnada vinasimama maadamu anaishi hapo, ila deni linabaki juu ya nyumba na linazaa riba ya asilimia 5 kwa mwaka. Kwenu wenye mkopo sikushauri kuahirisha, kwa sababu kampuni ya mkopo ina haki zake kwenye mkataba na italipa yenyewe kisha iwadai. Hiyo ni njia ya mzee aliyemaliza mkopo na hana namna nyingine.

Kijana naye asiachwe nyuma. Aliposema "nitasaini" alionyesha malezi mema, mshukuru, halafu muulize kama zile dola 12,000 zake amezidai kwenye nyumba yake ya Killeen. Fomu ni 50-135, na barua ya idara ya maveterani yenye asilimia zake. Kwenye rekodi itaandikwa DV4. Kwa msamaha huu wa ngazi, ombi lililochelewa linapokelewa hadi miaka 5 nyuma, kwa hiyo huenda ana fedha zake zimekaa pale. Na akiamini hali yake imezidi kuwa mbaya, aombe kupimwa upya kwa ajili ya afya yake na nyumba yake mwenyewe.

Wasomaji wa majimbo mengine, msichukue namba za Texas mkaenda nazo dirishani kwenu. Washington inaanzia miaka 61 na inaangalia kipato kulingana na kaunti, na veterani anahitaji kiwango maalumu cha ulemavu. Ohio ni miaka 65 au ulemavu, nako kipato kinaangaliwa. Ulizeni ofisi ya kaunti au mji wenu, kwa anwani ya nyumba yenu.

Jambo la mwisho kwako, Mama wa Arlington. Msamaha ukipita, bili itashuka lakini malipo yenu ya mwezi hayatashuka yenyewe, kwa sababu kampuni ya mkopo inakusanya kodi kwenye akaunti ya eskro kwa makadirio ya zamani. Wapelekeeni bili mpya na mwombe kwa maandishi wakokotoe eskro upya. Kodi iliyorudishwa ya 2024 na 2025 nayo inaweza kutumwa kwao, kwa kuwa ndio waliolipa. Piga simu ofisi ya kodi ya kaunti uulize hundi imeandikwa kwa nani, kisha idai.